Lalibela: Siku moja katika makanisa ya mwamba yanayokabili mvua, vita na umri

MSAFIRI anayefika Lalibela kwa mara ya kwanza huinua macho kutafuta minara ya makanisa, asione hata mmoja. Huona milima ya Lasta, nyumba za mawe, punda waliobeba mizigo na watu waliojitanda shuka nyeupe wakishuka mteremko kimya kimya. Makanisa yenyewe yako chini, kwenye mashimo makubwa yaliyochimbwa mwambani.

Katika mji huu mdogo wa jimbo la Amhara, kaskazini mwa Ethiopia, mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna makanisa 11 ambayo hayakujengwa kwa matofali wala kwa kupanga jiwe juu ya jiwe. Yalichongwa katika mwamba wenyewe, kuanzia paa hadi sakafu, na kwa mujibu wa mapokeo ya wenyeji kazi hiyo ilifanywa yapata miaka 800 iliyopita.

Jambo la pili linalomshangaza mgeni ni kwamba makanisa haya si magofu. Yangali nyumba za ibada. Makasisi huingia humo kabla ya jua kuchomoza, wazee huketi ukutani wakisoma zaburi, na kina mama hubusu vizingiti vilivyolainishwa na midomo ya vizazi na vizazi.

Hapo ndipo penye fahari ya Lalibela, na hapo hapo ndipo penye mtihani wake. Gofu laweza kuzungushiwa ua na kulindwa na askari. Kanisa lenye waumini haliwezi kufungwa, ilhali mwamba wake unaendelea kuliwa na mvua mwaka baada ya mwaka.

Makala haya yanamtembeza msomaji katika mji huo kwa siku moja, kuanzia ibada ya alfajiri hadi monasteri ya pangoni jioni, na kueleza jinsi makanisa hayo yalivyochongwa na kinachoyatishia sasa.

Mfalme na mji wake

Zamani mji huu uliitwa Roha. Jina la sasa ni la mfalme Gebre Meskel Lalibela wa nasaba ya Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Masimulizi ya Kanisa yanasema kwamba alipozaliwa kundi la nyuki lilimzingira, na mamake akaamini kuwa nyuki hao wametambua ufalme wake. Hiyo ndiyo maana ambayo wenyeji hulipa jina lake.

Ukristo ulikuwa umekita mizizi Ethiopia muda mrefu kabla yake. Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea katika karne ya nne, wakati ambapo sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa bado haijausikia. Baadaye watawa walienea milimani na mapangoni, na hadi leo ni vigumu kulitenganisha Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia na monasteri zake.

Mahujaji wa Ethiopia walikuwa wakienda Jerusalem kwa safari ndefu na ya hatari. Mnamo 1187 mji huo ulitwaliwa na Salahuddin. Baadhi ya watu hulihusisha tukio hilo na nia ya mfalme ya kuwapa watu wake Jerusalem ya pili nyumbani kwao. Wengine husema mfalme alioneshwa makanisa hayo mbinguni, akaamriwa ayatengeneze duniani.

Iwe iwavyo, majina ya mahali yanajieleza. Kijito kinachokatiza katikati ya makanisa kinaitwa Yordanos, yaani Yordani. Kuna Golgotha, kuna Bethlehemu, na kuna kaburi linaloitwa la Adamu. Muumini asiyeweza kufika Nchi Takatifu angeweza kuizunguka hapa kwa miguu katika siku moja.

Nasaba ya Zagwe ilipinduliwa mnamo 1270, lakini mji ukaendelea kuwa mahali pa hija. Katika miaka ya 1520 kasisi Mreno Francisco Álvares aliyazuru makanisa haya, na katika kitabu chake kilichochapishwa mnamo 1540 alikiri kuwa alichoka kuandika zaidi kwa kuhofia kwamba wasomaji wasingemwamini.

Kazi isiyoruhusu kosa

Ili kuelewa kile ambacho msafiri anakiona, ni vyema kwanza kufahamu namna kilivyotengenezwa.

Katika mwambao wetu, waashi wa Lamu na Gedi walichimba mawe ya matumbawe, wakayaunganisha kwa chokaa na kupandisha kuta. Mafundi wa Lalibela walifanya kinyume chake. Hawakuongeza kitu, walipunguza.

Mwamba wa hapa ni wa volkeno, mwekundu na laini kiasi cha kuchongeka kwa patasi na sululu. Kwanza walichimba mtaro wa kina kirefu kuzunguka eneo walilolichagua, hadi pakabaki pande kubwa la mwamba katikati, limesimama peke yake kama kisiwa. Kisha wakaanza kulichonga kutoka juu: paa, halafu kingo zake, halafu madirisha, halafu milango. Kupitia uwazi huo wakaingia ndani na kuutoa mwamba kidogo kidogo, wakiacha nguzo, matao na madhabahu mahali palipokusudiwa.

Kazi ya namna hii haina marekebisho. Mwashi anayejenga kwa matofali akikosea hubomoa na kuanza upya. Anayechonga mwamba akikata nguzo kimakosa, nguzo hiyo imekwenda na hairudi. Ndiyo maana ni lazima mtu awe alikuwa na picha ya jengo zima akilini kabla ya patasi ya kwanza kugusa mwamba.

Mafundi hao walifahamu vilevile kwamba shimo lolote katika nchi ya mvua nyingi hugeuka kuwa kisima. Kwa sababu hiyo waliipa mitaro mwinamo na kuchimba njia za kupeleka maji kwenye kijito. Bila mifereji hiyo makanisa yangejaa maji katika msimu wa kwanza tu wa mvua.

Mapokeo yanasema kuwa mchana walifanya kazi wanadamu na usiku wakaipokea malaika. Wanaakiolojia nao wana maelezo yao. Uchunguzi wa alama za patasi, ngazi zilizokatizwa na milango isiyoelekea popote unaonesha kuwa mwamba huu ulichongwa kwa awamu nyingi. Mtaalamu Mwingereza David Phillipson ametoa hoja kwamba baadhi ya sehemu ni za karne kadhaa kabla ya mfalme Lalibela, na huenda mwanzoni zilikuwa ngome au makao ya watawala kabla ya kugeuzwa makanisa.

Alfajiri ya shuka nyeupe

Ziara ya siku moja yafaa kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Na hapa Mkenya ana bahati ambayo Mzungu hana: Waethiopia huhesabu saa kama tunavyozihesabu kwa Kiswahili, kuanzia macheo na machweo. Mwenyeji akikuambia saa mbili asubuhi, ni ile ile saa mbili ya Mombasa na Kisumu.

Kalenda, hata hivyo, ni yao peke yao. Ina miezi 13, na hesabu yake ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

Wakati huo wa alfajiri ibada huwa inaendelea. Sala husomwa kwa Kigeez, lugha kongwe ambayo haizungumzwi tena majumbani bali imebakia ya Kanisa, mithili ya Kilatini kwa Wakatoliki wa zamani. Waimbaji husimama kwa safu, kila mmoja ameegemea fimbo ndefu, mkononi ameshika kayamba la chuma. Ngoma kubwa iitwayo kebero huanza taratibu, kisha mwendo hukolea.

Mgeni huruhusiwa kutazama maadamu anafuata taratibu. Viatu huvuliwa mlangoni. Mabega na magoti hufunikwa. Nyuma ya pazia la madhabahu haingii mtu yeyote asiye kasisi, kwa kuwa humo huhifadhiwa tabot, kibao kitakatifu kinachowakilisha Sanduku la Agano. Pasipo tabot, mwamba uliochongwa kwa ustadi wote haungeitwa kanisa.

Kundi la kaskazini

Milango hufunguliwa kwa wageni kuanzia kama saa mbili asubuhi, ikafungwa saa sita adhuhuri, kisha ikafunguliwa tena saa nane. Tiketi moja hutosha makanisa yote 11. Ni busara kumwajiri mwongozaji wa mji huo, kwani njia za chini ya ardhi ni nyingi na mgeni hupotea upesi.

Kila kanisa huitwa "Bete", yaani nyumba. Neno hilo ni ndugu wa "bayt" la Kiarabu, ambalo katika Kiswahili limetupatia ubeti wa shairi.

La kwanza ni Bete Medhane Alem, Nyumba ya Mwokozi wa Dunia. Lina urefu wa zaidi ya mita 30, na huaminika kuwa ndilo kanisa kubwa kuliko yote ulimwenguni lililochongwa kutoka mwamba mmoja. Nje limezungukwa na nguzo za mraba kama hekalu la kale. Ndani mna nguzo 28 zilizopangwa kwa safu nne, na mwanga hupenya kwa uchache hivi kwamba macho huchukua muda kuzoea giza.

Kanisa hili lina kisa ambacho wenyeji hawajakisahau. Mnamo 1997 msalaba wake mashuhuri wa dhahabu, uitwao Afro Ayigeba, uliibwa. Uligunduliwa baadaye Ubelgiji baada ya kuuzwa kwa mnunuzi wa vitu vya kale, na hatimaye ukarejeshwa. Kwa mtazamaji wa mbali ni kifaa cha makumbusho. Kwa waumini ni msalaba ambao wagonjwa hubarikiwa kwao.

Karibu yake ni Bete Maryam, ambalo hupendwa mno na waumini. Ndani mna michoro kwenye kuta na dari: ndege, wanyama, misalaba na visa vya Injili. Katikati husimama nguzo iliyovikwa kitambaa ambayo haifunuliwi. Inaaminika kwamba imeandikwa mambo yaliyopita na yatakayokuja, na makasisi husema mwanadamu hana nguvu ya kuyatazama.

Uani kwake kuna bwawa lenye maji ya kijani. Wakati wa Krismasi, ambayo huku huitwa Genna na huadhimishwa Januari 7, wanawake wanaotafuta watoto huteremshwa majini humo kwa kamba. Siku hiyo makasisi hujipanga kwa duara kwenye ukingo wa mwamba, wengine wakiwa chini uani, wakaimbiana juu na chini huku maelfu ya mahujaji, wengi wao waliotembea kwa siku nyingi, wakiitikia.

Bete Meskel na Bete Denagel ni madogo, yamechongwa katika kuta za ua huo huo. Yanayofuata ni Bete Golgotha na Bete Mikael, mapacha waliounganishwa. Golgotha ina sanamu za watakatifu za ukubwa wa mtu, zilizochongwa ukutani, jambo lisilo la kawaida katika makanisa ya Ethiopia. Inaaminika kuwa mfalme Lalibela mwenyewe amezikwa humo. Wanawake hawaruhusiwi kuingia Golgotha, na ni vyema msafiri ajue hilo mapema asije akakwazika mlangoni.

Msalaba ardhini

Kabla ya saa sita, msafiri hutembea hadi Bete Giyorgis, Nyumba ya Mtakatifu George, ambalo limejitenga na mengine yote.

Ukiwa mbali huoni kitu. Ukikaribia unaona kwanza mstari ardhini, kisha shimo la mraba, na ndani yake msalaba mkubwa wa mwamba ambao paa lake liko takriban usawa wa nchi kavu unapokanyaga. Juu ya paa imechongwa misalaba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Kina chake kinakaribia mita 12, na mtu huteremka kupitia mtaro mwembamba unaogeuka kuwa handaki kabla ya kutokea uani.

Ndani hamna nguzo hata moja, kwani umbo la msalaba lenyewe hubeba paa. Katika ukuta wa ua kuna tundu lenye mifupa ya mahujaji waliotaka kufia hapo. Wenyeji pia huonesha alama mwambani wanazosema ni za kwato za farasi wa Mtakatifu George, aliyekuja kumlalamikia mfalme kwamba watakatifu wote wamepata nyumba isipokuwa yeye.

Wataalamu hulitaja kanisa hili kuwa lililohifadhika vizuri zaidi. Halina paa la ziada juu yake, na ndilo picha ambayo ulimwengu huijua kwa jina la Lalibela.

Adhuhuri milango hufungwa na watu wakaenda kula. Jumatano na Ijumaa ni siku za mfungo, hivyo hakuna nyama, maziwa wala mayai. Msafiri atapata injera na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na hatajutia.

Kundi la kusini

Saa nane ni zamu ya makanisa yaliyo ng'ambo ya Yordani. Hapa njia ni ngumu zaidi na historia yake ina utata zaidi.

Bete Gabriel-Rufael huingiwa kwa kupita juu ya daraja jembamba lililo juu ya handaki lenye kina cha kutisha. Lango lake na kuta zake ndefu ni mojawapo ya sababu za wataalamu kudhani kuwa mahali hapa palikuwa ngome au jumba la mfalme. Bete Merkorios nalo, ambalo sehemu yake ilikwisha kuporomoka, lilikutwa na pingu za miguuni, na wapo wanaoamini lilitumika kama gereza au mahakama.

Bete Amanuel ni la ustadi wa aina yake. Kuta zake zimechongwa kwa mistari inayoingia na kutokea, zikiiga majengo ya Aksum yaliyojengwa kwa kupishanisha mbao na mawe. Fundi aliuchonga mwamba ufanane na ubao, ili kukumbuka desturi iliyokuwapo karne nyingi kabla yake.

Bete Abba Libanos limetengwa na mwamba pande zote nne, lakini juu bado limeshikamana nao. Mapokeo husema malkia Meskel Kibra aliliagiza kwa kumkumbuka mumewe, likakamilika kwa usiku mmoja kwa msaada wa malaika.

Kundi hili pia lina handaki lenye giza totoro. Waumini hulipita bila taa, mkono mmoja ukutani na mwingine begani mwa aliye mbele. Waongozaji hulieleza kuwa ni mfano wa safari ya kupitia jehanamu. Anayetokea upande wa pili na kulakiwa na jua haulizi tena maana ya fumbo hilo.

Pango linalodondosha maji

Jioni, gari huchukua dakika chache kutoka mjini, kilomita saba hivi, hadi monasteri ya Na'akuto La'ab. Imepewa jina la mpwa wa mfalme Lalibela ambaye alikuja kutawala naye.

Hapa hapana kuchonga kwingi. Kanisa limejengwa chini ya pango lililo wazi, ubavuni mwa mlima. Maji hudondoka kutoka kwenye mwamba wa juu na kukingwa kwa mabakuli ya mawe yaliyowekwa sakafuni, ambayo mengine yamelika kwa wingi wa matone. Maji hayo huhesabiwa kuwa matakatifu, na wagonjwa huja kuyanywa na kunawa. Kasisi mzee humtolea mgeni misalaba ya kale na vitabu vya ngozi vyenye picha za rangi, akavifungua kwa mikono yake mwenyewe, pasipo kioo wala kabati la kufuli.

Mwenye siku ya pili na miguu imara anaweza kupanda hadi monasteri ya Asheton Maryam, iliyo mlimani juu ya mji, kwa muda wa saa mbili au zaidi. Mwenye gari anaweza kwenda Yemrehanna Kristos, kanisa la pangoni lililojengwa kwa tabaka za mbao na mawe kabla ya utawala wa Lalibela.

Paa juu ya paa

Maji yanayobarikiwa pangoni ndiyo adui mkubwa wa makanisa ya mjini. Mvua kubwa za Juni hadi Septemba huingia katika nyufa za mapaa, mwamba ukavimba, kisha jua kali la kiangazi likaukausha. Baada ya karne nane, michoro imefifia, nguzo zimepasuka na baadhi ya kuta zimeinama.

UNESCO iliyaorodhesha makanisa haya mnamo 1978, yakiwa miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza kabisa kuwekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kuorodheshwa hakuzuii mvua. Ukarabati wa katikati ya karne ya 20 ulihusisha kupaka lami juu ya mapaa, hatua ambayo baadaye ilibidi kusahihishwa kwa gharama na jasho.

Mnamo 2008 mapaa makubwa ya kisasa, yaliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, yalikamilishwa juu ya makanisa kadhaa, yakiwemo Medhane Alem, Maryam, Amanuel na Abba Libanos. Yalikusudiwa kuwa ya muda. Yamezuia mvua, hilo halina ubishi, lakini yameleta maswali mengine.

Wakazi walihofu kwamba nguzo nzito za chuma zilizosimama karibu na makanisa zingeweza kuuponda mwamba, au upepo ungeyang'oa mapaa na kuyaangusha juu ya nyumba za Mungu. Wataalamu nao walitahadharisha kuwa mwamba uliozoea unyevu ukikaushwa kupita kiasi unaweza kupasuka kwa namna nyingine. Mnamo Oktoba 2018 wenyeji waliandamana wakidai hatua zichukuliwe. Machi 2019 Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alizuru mji huo pamoja na Waziri Mkuu Abiy Ahmed na kuahidi msaada wa nchi yake katika kuyahifadhi.

Kilicho kigumu hapa si fedha pekee. Kila hatua huwahitaji wahandisi, wanaakiolojia, serikali na makasisi wakubaliane. Mhandisi angependa kanisa lifungwe mwaka mzima. Kasisi atauliza tabot ipelekwe wapi, na waumini wasalie wapi. Wote wawili wana haki.

Vita vilipofika mlangoni

Kabla swali hilo halijajibiwa, majanga mengine yaliandamana. Janga la korona la 2020 liliwafukuza wageni. Mnamo Novemba mwaka huo vita vya Tigray vikalipuka. Agosti 2021 wapiganaji wa Tigray waliuteka mji wa Lalibela, na Desemba ukabadilisha mikono mara kadhaa kabla ya majeshi ya serikali kuudhibiti.

Makanisa yalisalimika, lakini watu waliteseka. Waongozaji, wenye nyumbu, wauza misalaba na wenye hoteli waliishi kwa wageni, na wageni hawakuja.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Pretoria, Afrika Kusini, Novemba 2, 2022, na Rais mstaafu Uhuru Kenyatta alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Siku kumi baadaye makamanda wa pande zote mbili walikamilisha makubaliano ya utekelezaji jijini Nairobi. Kwa hiyo amani ya Lalibela ina alama ya mkono wa Kenya.

Lakini haikudumu katika Amhara. Mnamo 2023 mapigano mapya yalizuka kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano, na Novemba mwaka huo milio ya silaha ikasikika ndani ya Lalibela kwenyewe. Uhasama wa risasi na mizinga karibu na mwamba uliokwisha kupasuka ni jambo la kuogofya, hata kama hakuna anayelenga kanisa.

Kwa anayetaka kwenda

Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia. Ndege kutoka Nairobi hadi Addis Ababa huchukua takriban saa mbili, na ndege ya ndani kutoka Addis hadi Lalibela huchukua kama saa moja. Kabla ya kulipa nauli, hata hivyo, ni lazima kuulizia hali ya usalama wa jimbo la Amhara, kwa kuwa hubadilika haraka na barabara huweza kufungwa bila taarifa.

Beba nguo ya kukuhifadhi baridi ya asubuhi, soksi nzito kwa ajili ya sakafu za mawe, na kurunzi ndogo. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Usiguse michoro. Sadaka kidogo kwa kanisa na malipo ya haki kwa mwongozaji ni msaada unaofika moja kwa moja kwa wanaoutunza mji.

Nasi tunalo la kujifunza. Mji wa kale wa Lamu, uliowekwa katika orodha hiyo ya UNESCO mnamo 2001, nao ni urithi wenye watu ndani: misikiti inasaliwa, nyumba zinakaliwa, na kila ukuta unaokarabatiwa huzua mjadala baina ya mwenye nyumba na mhifadhi. Lalibela imeuendesha mjadala huo chini ya mvua, chini ya vyuma na chini ya risasi.

Mjadala huo ukiendelea, kesho alfajiri kasisi wa Bete Maryam atavua viatu, ataingia gizani na kuanza sala pale pale ilipoanzwa jana. Atakaposhindwa kuingia, iwe kwa sababu ya paa lililoporomoka au barabara iliyofungwa na vita, makanisa 11 ya Lalibela yatakuwa yamekuwa magofu, hata kama kila nguzo ingali imesimama.